Uzi: Nota zangu zimegeuka herufi steshenari. Hizi fonti za muziki zinafanyaje kazi?

#1 MwalimuTena

Wakuu, habari za jioni.

Nimechapa wimbo wa sauti nne kwa ajili ya kwaya yetu, kwenye programu ya nota niliyonayo tangu enzi (msiniulize nimeipata wapi). Nikatoa PDF. Kwenye kompyuta yangu iko safi. Nikaiweka kwenye flashi, nikaipeleka steshenari moja hapa mjini watoe kopi.

Kilichotoka ni kioja. Mistari mitano ipo, vijiti vya noti vipo, maneno ya wimbo yapo, hata ile 3/4 ya mwanzo ipo. Lakini penye ufunguo wa G (ile alama ya mwanzo wa mistari) kuna &. Ufunguo wa F umekuwa ?. Vichwa vyote vyeusi vya noti ni œ, noti nzima ni w, flati (alama ya kushusha sauti) ni herufi b, na pale nilipoweka mf (nguvu ya wastani) pametoka F kubwa peke yake. Jamaa mmoja wa besi ameniuliza hiyo w anaiimba kwa pumzi ngapi.

Naomba kueleweshwa. Siku zote nilijua noti kwenye kompyuta ni picha tu. Picha inageukaje herufi? Na kwa nini maneno yapone, nota zife?

#2 Kapuku_wa_Ilala

Pole mkuu. Nimevuta kiti, ngoja wenye fani waje.

#3 MtotoWaSteshenari

Mmeshaanza. Kila kitu kikiharibika ni steshenari. Mteja analeta flashi imejaa virusi, faili linaitwa "mwisho mwisho kabisa 2", halafu lawama zote zetu. Ulileta PDF kweli au ulileta faili la programu yenyewe?

#4 MwalimuTena

PDF mkuu. Naapa.

#5 Kichwa_cha_Noti

Mwalimu, hakuna picha humo. Noti kwenye programu ya muziki ni herufi kama herufi nyingine, ila imechorwa kwa umbo la noti.

Faili lako limebeba namba na maelekezo: chukua fonti fulani (seti ya michoro ya herufi), ukubwa fulani, weka alama namba 38 mahali hapa. Kwenye fonti ya kawaida namba 38 ni &. Kwenye fonti yako ya muziki nafasi hiyohiyo ya 38 imechorwa ufunguo wa G. Namba 63 kwa kawaida ni ?, huko kuna ufunguo wa F. Namba 98 ni b, huko kuna flati. Fonti ya muziki ikikosekana, mashine haigomi. Inachukua fonti yoyote iliyo karibu na kuchapa kilichomo kwenye namba hizo. Ndiyo kioja chako.

Maneno yamepona kwa sababu a ni a karibu kila fonti. Hata kama steshenari umbo lilibadilika kidogo, nani atagundua? Na 3/4 imepona kwa sababu hiyohiyo, waliochora fonti waliweka tarakimu za muziki penye tarakimu za kawaida. Ile F yako kubwa ni mf, imekaa penye F kubwa. Kama ungekuwa na mp (laini kiasi) ungeona P.

Mpangilio huo haukuja ovyo. Katikati ya miaka ya 1980 Cleo Huggins wa kampuni ya Adobe alitengeneza fonti ya muziki inayoitwa Sonata, na akapanga alama ili mwandishi azikumbuke kwenye kibodi. Tazama & vizuri, ina mikunjo ya ufunguo wa G. Tazama ?, kwa mbali ni ufunguo wa F. Noti nzima, nusu na robo zikapewa w, h na q, herufi za mwanzo za majina yake ya Kiingereza. Waliofuata wakaiga sehemu kubwa ya mpango huo, na kila mmoja akaongeza vya kwake alivyojua yeye.

#6 BintiAlto

Asante kaka Kichwa, leo nimeelewa. Ila hapo kwenye mistari na vijiti hujajibu. Kama noti ni herufi, mistari mitano nayo si herufi? Mbona imepona?

#7 Kichwa_cha_Noti

Dada, mistari mitano inachorwa na programu yenyewe, kama unavyopiga mstari kwa rula. Vijiti hivyohivyo, na ile miti ya kuunganisha noti za nanenane, na mikunjo ya legato (ya kuimba noti bila kukatiza). Vitu hivi havina urefu maalumu. Mkunjo mmoja unaweza kufunika noti mbili au ukurasa mzima, huwezi kuuhifadhi kama herufi moja. Fonti inatoa vile visivyobadilika umbo: funguo, vichwa vya noti, mapumziko, shapu, flati, vibendera vya noti, nguvu za sauti. Programu inatoa vinavyonyooka na kupinda.

Kwa hiyo karatasi ya Mwalimu ni ushahidi mzuri kuliko anavyofikiri. Kilichokufa chote ni cha fonti. Kilichopona ni cha rula, au ni herufi za kawaida.

#8 Besi_Mzito

Kichwa umeeleza vizuri lakini mkuu umeruka jambo. PDF ya kawaida inabeba fonti ndani yake, ndiyo maana ikaitwa PDF. Mimi nachapa vitabu vya kwaya miaka mingi, na herufi zinapogeuka tatizo mara nyingi liko kwenye PRINTA. Kuna dreiva za printa (programu zinazoiendesha printa) zenye mpangilio wa kubadilisha fonti za faili ziweke fonti za printa yenyewe ili ichape haraka. Printa haina fonti ya muziki, inaweka ya kwake. Kwenye skrini ya steshenari ilionekana vizuri nakuhakikishia.

Dawa: mwambie achape kama picha. Adobe Reader ina sehemu hiyo kwenye mipangilio ya ndani ya kuchapa. Inakuwa nzito kidogo lakini hakuna herufi itakayogeuka.

#9 MtotoWaSteshenari

Hapo umenena. Ila kwenye printa kubwa za kopi ukichapa kama picha foleni inasimama na wateja wananuna.

#10 Solfa_Daima

Vijana, mimi nawasoma tu nacheka. Miaka yote naandika solfa, d r m f s l t, nukta mbili katikati ya mapigo, mstari kwenye mapigo mazito. Fonti ni Courier New. Sijawahi kupewa & na steshenari yoyote.

#11 Kapuku_wa_Ilala

Shikamoo mzee. Hapo hakuna wa kukujibu.

#12 Solfa_Daima

Marahaba. Na siri ya Courier ni kwamba kila herufi ina upana sawa, m na i zinachukua nafasi sawa. Ndiyo maana sauti nne zinasimama wima, pigo chini ya pigo. Ukitumia Times, m inasukuma wenzake na mwimbaji wa tena (tenor) anaonekana amechelewa kuingia kumbe ni herufi tu. Wengi wanapambana na tabo kwenye Word mpaka usiku. Curwen, aliyeeneza solfa, hakuhangaika hivyo.

#13 BintiAlto

Mzee, na vile vialama vya d ya juu na s ya chini unavifanyaje?

#14 Solfa_Daima

Koma juu au koma chini ya mstari, mwanangu. Ila Word ukiiachia inageuza koma ya juu kuwa ile iliyopinda, na mara nyingine inapindia upande usio wake. Zima marekebisho ya moja kwa moja. Hii itakusaidia hata kwenye "ng'ombe".

#15 Mtaalamu_Feki

Besi_Mzito amekosea na Kichwa amekosea. Tatizo ni kwamba Mwalimu alitengenezea kwenye Mac. Ile œ ndiyo inamfichua. Kwenye mpangilio wa zamani wa Mac namba 207 ni œ. Kwenye Windows namba 207 ni Ï. Kichwa cheusi cha noti kwenye fonti kama Maestro kiko 207. Kingetoka Windows ungeona Ï zimejaa ukurasa mzima. Kesi imefungwa.

#16 MwalimuTena

Mkuu mimi Mac naziona kwenye matangazo tu. Nina Dell ya mtumba imepasuka kona.

#17 Mtaalamu_Feki

Basi aliyekupa hiyo programu ndiye alikuwa na Mac 😂

#18 Kichwa_cha_Noti

Hoja ya 207 ni ya kweli, na iliwatesa watu waliokuwa wakibadilishana mafaili kati ya mashine hizo mbili. Lakini haitoshi kufunga kesi. Ndani ya PDF fonti inaweza kuita alama kwa jina badala ya namba, na jina la alama ile likiwa la œ, basi œ itatoka kwenye mashine yoyote ile. Kwa hiyo Dell inawezekana kabisa.

Na kwa Besi_Mzito: nakubali printa zina vituko. Ila kusema kila PDF inabeba fonti ndani si kweli. Mtoaji wa PDF anaweza kuzipachika fonti au kuziacha. Na kila fonti ya TrueType au OpenType (aina za mafaili ya fonti) ina alama ndani yake inayoeleza kama mwenye fonti ameruhusu ipachikwe. Programu inayotii ikikuta hairuhusiwi, inaiacha nje. Kwenye kompyuta ya nyumbani utaona sawa kwa sababu fonti umeisakinisha hapo. Ukienda kwa jirani ambaye hana, unakutana na &.

Mwalimu, fungua hiyo PDF kwa Adobe Reader, bonyeza Ctrl+D, ingia sehemu ya fonti. Tutajie kilichoandikwa mbele ya kila jina.

#19 Kinanda_Eldoret

Wadau, salamu kutoka Eldoret. Kuna kitu nataka kuuliza kabla uzi haujaenda mbali. Unicode (ile orodha ya kimataifa ya namba za herufi) si ina alama za muziki tayari? Mbona hizi programu zisitumie hizo, tuache mambo ya & na ?

#20 Mtaalamu_Feki

Kweli, Unicode imeweka noti zote tangu 2001. Ni uvivu wa watengeneza programu tu.

#21 Kichwa_cha_Noti

Mwaka 2001 ni sahihi, Unicode 3.1, kuanzia namba 1D100. Ufunguo wa G ni 1D11E. "Zote" si sahihi. Ni alama takribani 220, na anayechapa muziki kwa kazi anahitaji nyingi zaidi ya hizo. Pia Unicode inakuambia jina la alama, haikuambii ikae wapi kwenye mistari wala iwe kubwa kiasi gani kulinganisha na nafasi kati ya mstari na mstari. Kwa herufi za kawaida hilo halina shida. Kwa muziki, ufunguo wa G usipokuwa na kitovu chake kwenye mstari wa pili kutoka chini, umeandika uongo.

Ndipo 2013 Daniel Spreadbury wa kampuni ya Steinberg akatoa SMuFL, mpangilio wa pamoja wa fonti za muziki, pamoja na fonti ya Bravura ya kuuonyesha. Wakatumia lile eneo la Unicode lililoachwa wazi kwa matumizi ya binafsi, E000 mpaka F8FF. Ufunguo wa G sasa ni E050 kwenye kila fonti inayofuata mpangilio huo. Kichwa cheusi ni E0A4. Flati E260, shapu E262. Alama zilizopangwa ni zaidi ya 2,000. Tangu 2015 mpangilio uko chini ya kikundi cha jumuiya cha W3C (shirika la viwango vya wavuti), hauko tena mikononi mwa kampuni moja.

Ukubwa nao ukafungwa: urefu wa fonti ni sawa na nafasi nne za stafu (ile mistari mitano), yaani kutoka mstari wa kwanza hadi wa tano. Fonti ukiipa pointi 20, stafu ina urefu wa pointi 20. Na alama inakaa kulingana na mstari wake: sifuri (mahali pa kuanzia kupima) ya ufunguo wa G ni mstari wa G, sifuri ya ufunguo wa F ni mstari wa F.

#22 Kinanda_Eldoret

Aisee. Sasa nimejua kwa nini ♯ na ♭ zinaonekana WhatsApp lakini nikituma 𝄞 mwenzangu anaona kiboksi.

#23 Kichwa_cha_Noti

Ndiyo. ♭ na ♯ ziko kwenye kundi la zamani la alama mchanganyiko, 266D na 266F, fonti nyingi za simu zinazo. 𝄞 iko mbali, si kila simu inayo.

#24 Besi_Mzito

Kwa hiyo hiyo SMuFL yenu imetuletea nini kipya? Zamani fonti ikikosekana ulipata & na w, angalau fundi mzoefu aliweza kusoma. Sasa ikikosekana unapata viboksi vitupu ukurasa mzima. Mimi nataka herufi zangu.

#25 BintiAlto

😂😂 Besi_Mzito anasoma w kama noti. Hawa ndio tunaoimba nao.

#26 Besi_Mzito

Dada cheka, lakini nimewahi kuchapa upya wimbo mzima kwa kusoma herufi hizo. Œ kubwa ni pumziko la robo. ‰ ni pumziko la nanenane. ∑ ni pumziko la kipimo kizima. Ó ni la nusu. ƒ ni ff (kwa nguvu sana) na π ni pp (laini sana), kwa sababu kwenye Mac unazipata kwa kushika Option na f au p. Mtu akizoea anasoma kama solfa ya mzee.

#27 Solfa_Daima

Usinitaje kwenye maajabu hayo.

#28 Fonti_Bure

Nimechelewa ila nina la kuongeza. Watu wanadhani kubadilisha fonti ya nota ni kama kubadilisha Arial kwenda Calibri. Fonti ya SMuFL inakuja na faili la pembeni, la JSON, na hilo faili ndilo lenye akili. Humo kuna unene wa mistari ya stafu, unene wa vijiti, unene wa miti ya kuunganisha, na pia sehemu ambayo kijiti kinashika kichwa cha noti. Kichwa cha noti si duara, kimeinama, na kila mchoraji anakiinamisha kivyake. Programu isipojua kijiti kishike wapi, unapata vijiti vinavyoelea pembeni ya vichwa kama vimegombana.

Nimeona wengi wanasakinisha fonti kwenye Windows kwa kubofya mara mbili, basi. Halafu wanalalamika programu ya Dorico haiioni. Ile JSON inatakiwa iingie kwenye folda yake, Common Files, SMuFL, Fonts, kisha folda yenye jina la fonti.

Kwa programu ya MuseScore: nenda mtindo wa skoo (ukurasa wa nota), kwenye orodha ya fonti ya alama za muziki, na utie tiki pale pa kupakia mipangilio kulingana na fonti. Usipotia tiki umebadilisha vichwa vya noti tu, mistari imebaki na unene wa fonti ya zamani. Ndiyo maana watu wanasema Leland na Bravura "hazina tofauti".

#29 Kinanda_Eldoret

Hii ya tiki sikuijua. Leland ni nini tena?

#30 Fonti_Bure

Fonti iliyoingia na MuseScore 3.6 mwanzoni mwa 2021, ikawa ya kawaida humo. Imepewa jina la Leland Smith, aliyetengeneza programu ya SCORE. Fonti ya maneno inayoandamana nayo ni Edwin. Kabla yake MuseScore ilitumia Emmentaler iliyotoka programu nyingine ya nota, LilyPond. Wale wa LilyPond fonti zao zina majina ya jibini: Feta, Parmesan, Emmentaler. Sijui njaa ilikuwa ya namna gani.

#31 Kapuku_wa_Ilala

Sisi tutengeneze ya kwetu tuiite Dagaa.

#32 Mtaalamu_Feki

Mimi Bravura naiona nene mno, haina unyenyekevu. Nota za kisasa zinatakiwa kuwa nyembamba na safi.

#33 Besi_Mzito

Hapo ndipo ninyi wa skrini mnapotuponza. Njoo kwenye kwaya. Kopi ya kwanza inatoka kompyuta. Katibu anaitoa fotokopi. Anayechelewa anaitoa fotokopi ya fotokopi, tena ya karatasi iliyokunjwa mfukoni. Mpaka ifike kigango cha mbali mistari yako "myembamba na safi" imepotea, mtu anaona vichwa vinaelea hewani. Bravura inaweka mstari wa stafu 0.13 ya nafasi. Ukiwa na nafasi ya milimita 1.75, mstari ni karibu milimita 0.23. Huo unastahimili fotokopi. Wachonga nota wa zamani Ulaya walichonga kwenye bamba la metali na mistari yao ilikuwa na mwili.

#34 Fonti_Bure

Naunga mkono, na kuna jambo wengi hawalijui. Ukipunguza nota ili kurasa mbili zikae karatasi moja, kila kitu kinapungua pamoja na unene. LilyPond wamelishughulikia hilo: Emmentaler imechorwa kwa ukubwa nane tofauti, kuanzia 11 hadi 26, na ile ndogo imechorwa nene zaidi kwa uwiano ili isipotee. Fonti nyingine nyingi ni mchoro mmoja unaovutwa na kubanwa. Kwa hiyo ukitaka ndogo, punguza stafu ndani ya programu na uongeze unene wa mistari kwa mkono. Usiiachie steshenari ibane kurasa mbili kwa moja.

#35 MtotoWaSteshenari

Sasa kaka, mteja ndiye anayesema "nibanie kurasa mbili nipate bei nafuu". Na nikiri kitu kimoja hapa kwa faida ya uzi: kuna vijana wa steshenari wanaifungua PDF kwenye Word ili waipange upya. Word inaivunjavunja. Kama fonti haipo hapo, inaweka ya kwake. Sisemi ndicho kilichomkuta Mwalimu.

#36 BintiAlto

Umesema bila kusema.

#37 Oudi_na_Kanuni

Assalaam alaykum wana uzi. Niko Unguja, mimi ni wa taarabu. Ninyi mnalia na ufunguo wa G, sisi tunalia na robo toni. Nikitaka kuandika E ya makamu (ngazi ya sauti ya Kiarabu) ya Rast, ile isiyo E wala E flati, programu nyingi nilizotumia zinanipa flati ya kawaida halafu mpiga fidla anaipiga ya kizungu.

#38 Kichwa_cha_Noti

Waalaykum salaam. SMuFL ina kundi zima la alama za Kiarabu kuanzia ED30, na ile flati yenye mkato imo. Ina za Kituruki, ina za Kiajemi pia. Tatizo la pili ni kama fonti unayotumia imezichora. Fonti inaweza kufuata mpangilio na bado ikaacha nafasi nyingi tupu. Bravura inazo. Nyingine ndogondogo zinaishia kwenye funguo na noti.

#39 Oudi_na_Kanuni

Alhamdulillah. Na ikichezwa kwenye kompyuta, itasikika robo toni?

#40 Fonti_Bure

Hiyo si kazi ya fonti sheikh. Fonti haina sikio. Programu ndiyo inayoamua alama hiyo inashusha sauti kiasi gani. Unaweza kuona flati yenye mkato na kusikia E kamili.

#41 Mwandaa_Semina

Samahani kuingilia. Ninaandaa kitini cha kufundisha nota kwa Word, nataka kuweka alama katikati ya sentensi. Nimesakinisha Bravura, nikibandika ufunguo mmoja mstari unaachana na mstari wa juu kama kuna mto katikati.

#42 Kichwa_cha_Noti

Tumia Bravura Text. Bravura yenyewe ni ya programu za nota, ina alama ndefu sana, na Word inahesabu urefu wa mstari kwa kuangalia vipimo vya fonti nzima. Text imetengenezwa kukaa na maneno. Zote ni za bure kwa leseni ya SIL, unaweza kuzigawa kwa wanasemina bila kuvunja sheria.

#43 Mwandaa_Semina

Imekubali. Barikiwa.

#44 Mtaalamu_Feki

Tukizungumzia sheria, mnajua programu ya nota ya Finale imekufa? Ndiyo iliyoanzisha fonti za muziki duniani, na sasa fonti zake zote zimekufa nayo.

#45 Kichwa_cha_Noti

Sonata ilitangulia, soma #5. Finale ilitoka 1988, fonti yake ya mwanzo ikaitwa Petrucci, kwa jina la Ottaviano Petrucci, mchapaji wa Venice aliyechapa muziki wa sauti nyingi mwaka 1501. Yule alipitisha karatasi kwenye mashine zaidi ya mara moja, mistari kwa zamu yake, noti kwa zamu yake. Baadaye Attaingnant wa Paris, miaka ya 1520, akatumia vipande ambavyo kila noti ilikuja na kipande chake cha mistari, ukachapa kwa mara moja ila mistari ikaonekana imekatikakatika. Programu za leo zimemfuata Petrucci, rula kivyake na noti kivyake.

Kweli kampuni ya MakeMusic walitangaza Agosti 2024 kwamba wanaacha kuiendeleza Finale. Fonti hazijafa. Finale Maestro ya mpangilio wa SMuFL imo hata ndani ya MuseScore 4.

#46 MwalimuTena

Nimerudi wakuu, nilikuwa mazoezini. Mambo mawili.

Kwanza, PDF niliyonayo kwenye simu nimeifungua, iko SAFI. Funguo zipo, noti zipo, kila kitu.

Pili, Ctrl+D nimebonyeza kwenye kompyuta. Fonti ya maneno ina maandishi ya kuonyesha imepachikwa. Fonti ya muziki imetajwa jina tu, mbele yake hakuna kitu.

#47 Besi_Mzito

Simu iko safi! Simu haina fonti ya muziki. Kama ingekuwa haikupachikwa, simu ingekuonyesha & vilevile. Kwa hiyo ni printa. Nilisema #8.

#48 Kichwa_cha_Noti

Na Ctrl+D inasema haikupachikwa. Vyote viwili haviwezi kuwa vya faili moja. Mwalimu, ya kwenye simu uliitoa lini, na kwa njia gani? Kuna kutoa PDF kwa amri ya programu yenyewe, na kuna "kuchapa" kwenda kwenye printa bandia ya PDF. Njia hizo mbili zinaweza kushughulikia fonti tofauti kabisa. Nahisi una PDF mbili zenye jina moja.

#49 Mtaalamu_Feki

Au ya kwenye simu WhatsApp imeigeuza picha.

#50 BintiAlto

WhatsApp haigeuzi PDF kuwa picha, acha kupotosha watu.

#51 Mtaalamu_Feki

Nimesema "au".

#52 MwalimuTena

Inawezekana ni mbili. Nilitoa, nikasahihisha neno ubeti wa tatu, nikatoa tena. Njia niliyotumia mara ya pili siikumbuki. Na iliyokwenda steshenari sijui ni ipi, flashi anayo katibu wa kwaya na yuko msibani Sengerema.

#53 MtotoWaSteshenari

Kwa hiyo steshenari tuko huru.

#54 Besi_Mzito

Huru kwa dhamana. Bado hujatuambia kama kijana wenu aliifungua kwa Word.

#55 MtotoWaSteshenari

Si kijana wetu, mimi niko Morogoro!

#56 Fonti_Bure

Vyovyote iwavyo, Mwalimu, toa nyingine kwa amri ya programu, hakikisha Ctrl+D inaonyesha fonti ZOTE zimepachikwa, kisha ifungue kwenye kompyuta ambayo haina programu yako. Kompyuta yako mwenyewe haifai kuwa shahidi, fonti zote inazo.

#57 MwalimuTena

Nitafanya hivyo kesho. Jumapili iko karibu na kwa sasa wanaimba kwa kukariri.

#58 Kinanda_Eldoret

Kabla hamjaondoka: nikiweka silabi mbili chini ya noti moja, kama "na u-", ule mkunjo mdogo wa kuziunganisha unatoka kiboksi. Nimebonyeza Ctrl+Alt na kistari kama walivyosema kwenye mwongozo wa MuseScore.

#59 Fonti_Bure

Fonti yako ya maneno haina alama ya 203F. Weka Edwin kwenye maneno ya wimbo ujaribu.

#60 Kinanda_Eldoret

Edwin nimeweka, mkunjo umetokea. Sasa "ng'" ndiyo imepinda upande usio wake.

#61 Solfa_Daima

Soma #14.